Kifaranga wa Bibi Minza

Nilipokuwa mtoto niliamini kuku anajua mambo ambayo hata mwalimu mkuu hayajui. Si mimi peke yangu. Kijijini kwetu, huku Kishapu, mtu akipatwa na jambo lisiloeleweka alimtemea kifaranga mate mdomoni, kisha kifaranga akapelekwa kwa mfumu, yaani mganga wa kutazama. Mfumu alimpasua na kumsoma ndani: ugonjwa umetoka wapi, ng'ombe wanakufa kwa nini, nani ana kinyongo na nani. Mate ndiyo yaliyokuwa swali. Bila mate ya mwenye shida, kifaranga alikuwa kitoweo tu.

Mwaka ule mwenye shida alikuwa kaka yangu Masanja. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka kwetu, akaomba kusomea uhandisi wa migodi katika chuo kimoja cha Ulaya. Wenyeji wa nchi ile wana lugha yao, lakini kozi ilifundishwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo roho yake ilipokuwa juu juu. Sekondari aliyosoma, Kiingereza kilikaa ubaoni. Maelezo walimu waliyatoa kwa Kiswahili, na utani kwa Kisukuma. Basi Masanja akaanza kuwachunga ng'ombe kwa Kiingereza. Sisi wadogo tulimcheka, tukasema mwaka huu maziwa yatatoka na cheti.

Kisha wakampigia simu ya usaili. Aliipokelea juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao, akarudi amelowa jasho.

"Kuna swali sikulielewa," alimwambia Mama. "Wakarudia, bado. Nikajibu yesi."

"Si umejibu?"

"Mama, lilikuwa linauliza kwa nini."

Tulicheka siku ile, hata yeye alicheka. Lakini wiki zikawa miezi, na kila siku ya mnada alienda Mhunze, kwenye kibanda cha stationeri chenye kompyuta, akarudi mikono mitupu. Jioni ungemwona akihesabu nafasi zake kwa vidole: hesabu, fizikia, kemia, barua ya mwalimu. Akifika kwenye Kiingereza mkono ulianguka. Aliacha kula vizuri. Kisha kompyuta ya kibandani ikaharibika, na ukimya ukawa ukimya kamili.

"Mtoto aliyefaulu namna hii hanyamaziwi bure," Baba akasema. "Kuna mtu kamfunga."

Mama, ambaye hakukosa kanisani Jumapili hata moja, aliinamia sufuria yake akaendelea kukoroga. Masanja alikataa siku mbili. Siku ya tatu, mwanafunzi huyo wa fizikia, nilimwona kwa macho yangu akimfungua kifaranga mdomo na kumtemea mate. Kifaranga alikuwa mweusi, wa aina ya kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Nikakabidhiwa mimi nimtunze hadi asubuhi, maana nilikuwa na miaka kumi na moja na nilisifiwa kwa uangalifu.

Uangalifu wangu ndio uliomuua. Niliogopa paka, nikamfunikia ndoo, nikaweka na jiwe juu. Sikufikiri kwamba kifaranga naye anavuta pumzi. Asubuhi nilipoinua ndoo alikuwa amelala ubavu, na Baba alikuwa tayari anavaa viatu.

Nilikimbilia kwa Bibi Minza. Alikuwa mke mdogo wa marehemu babu yetu, hakujaliwa mtoto, akaishi peke yake nyuma ya zizi letu. Kuku wetu walitokana na kuku wake, hivyo vishingo weusi alikuwa nao. Nilimkuta akipuliza moto wa mavi ya ng'ombe, kwa sababu kuni kwetu zilikwisha zamani, na moshi huo wa kila siku ulikuwa umemfanya macho mekundu.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mwanawe. "Mbona unahema?"

"Bibi, nipe kifaranga."

Hakuuliza wa nini. Alimkamata mmoja akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka maishani kuliko asubuhi zote.

Mfumu alimpasua kifaranga mbele ya Baba na mimi. Alisoma polepole, akigusa hapa na pale kwa ncha ya kisu. Akasema njia ya kijana imefungwa na mwanamke. Ni wa nyumbani, si wa mbali. Hakuzaa. Macho yake ni mekundu. Hakutaja jina, na hakuhitaji. Nilitaka kupiga kelele kwamba kifaranga yule hakutemewa mate na mtu yeyote, kwamba hakubeba swali lolote. Ila nilijua fimbo ya Baba, na pia, lazima niseme ukweli, nilishangaa kidogo jinsi kuku alivyojua.

Baba alipeleka habari kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, nao wakaitisha mkutano uwanjani, penye ghala la pamba. Bibi Minza alisimama katikati akiwa na fimbo yake ya kutembelea. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo kifaranga alikuwaje?"

"Kishingo mweusi," Baba akajibu.

Bibi akageuka akanitazama. Akanitazama kwa muda, na mimi nikatazama miguu yangu. Kisha akajitanda khanga yake vizuri, akasema, "Haya."

Walimtenga. Kwetu mtu akitengwa hasalimiwi, hagawiwi moto, na akija kisimani wengine wanaondoka. Sisi watoto tulikatazwa kumwitikia. Siku moja alinipita akaniambia mwangaluka, nikakaza shingo kama ng'ombe mwenye nira. Wiki ya pili haikwisha, akafunga mzigo wake akaenda Kharumwa kwa mtoto wa kaka yake. Habari zake zilimtangulia. Alikufa kabla ya mvua. Walisema ni kifua. Kama kuna aliyempikia uji, sikuambiwa.

Baada ya msiba Masanja alisafiri hadi Shinyanga mjini, akafungua kompyuta. Jibu lilikuwapo. Lilimshukuru, likasema Kiingereza chake hakikufikia kiwango, na lilikuwa limetumwa mara tu kompyuta ya kibandani ilipoharibika, siku nyingi kabla kifaranga hajatemewa mate. Nilidhani sasa Baba ataelewa.

"Mnaona?" Baba akasema. "Yule kikongwe alikuwa ameshamaliza kazi yake."

Masanja hakuomba tena chuo chochote. Alihamia Geita, na hadi leo anafanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mimi nina binti, na mwaka huu ameomba chuo cha nje, kozi inayofundishwa kwa Kiingereza, ni kama yaleyale. Anakula huku jicho likiwa kwenye simu. Juzi mama mkwe wangu alimwangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mtoto kuna mtu kamfunga." Nikatoka nje, nikampigia Masanja, nikamweleza habari ya ndoo.

Alisogea kwanza mbali na kelele za mashine.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukitoka kwa Bibi na kifaranga."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kama si mtu, basi ni mimi na ile yesi yangu. Nilitaka awe mtu, Limi."

Sikumlaumu, ningeanzia wapi? Tulikuwa watatu tuliojua. Mimi nilinyamaza nisichapwe, yeye alinyamaza asiaibike. Bibi Minza alijua akinitaja nitapigwa, na pengine wangesema kanifundisha uchawi. Akanyamaza kwa ajili yangu. Nimezeeka kidogo sasa, na bado sijui kama neno langu lingemwokoa. Najua sikulitoa.

Binti yangu hajajibiwa hadi sasa. Nimemwambia wakimkataa watakuwa wamemkataa, basi. Tutakaa chini tulie mimi na yeye, na katika nyumba hii hakuna mtu atakayetafutwa.