Wilber Yuko Santa Cruz

Usinisifie Casimira. Najua watu wanampenda, wauguzi wanampenda, hata mlinzi wa lango ambaye hapendi mtu anampenda. Mimi nilimpenda kuliko wote, ndiyo maana nina hasira naye mpaka leo. Nitakueleza, ila mume wangu Severo asiyasikie haya.

Casimira huuza maji ya pichi kavu nje ya hospitali ya watoto hapa Cochabamba. Asubuhi, kabla hajafunua ndoo zake, hukaa kwenye benchi la wodi ya saratani kusubiri wazazi wageni. Hakuna aliyemwajiri. Ana sketi zake pana, mikono inanukia mdalasini, na mdomo wake haujui kupumzika.

Mimi nilitoka Morochata, kwenye viazi, na Zulma wangu wa miaka mitatu mgongoni. Daktari alisema saratani ya damu. Akasema miaka miwili na nusu ya dawa, akasema na mengine mengi ambayo sikuyasikia. Nikatoka nimeshika karatasi juu chini. Casimira akainyakua, akaigeuza.

"Wewe mama, umeelewa nini?"

"Kwamba atakufa."

"Mbona hapa sioni palipoandikwa hivyo? Rudi ndani, mwambie daktari arudie. Akinuna, arudie amenuna."

Nikarudi. Daktari akanuna, akarudia, na safari hii nikasikia.

Basi akawa mwalimu wangu. Maji yachemke sawasawa. Joto la mtoto likifika thelathini na nane, usisubiri kupambazuke, usimuulize shangazi, mbebe uje. Majani ya kienyeji usimpe kwa siri, mwonyeshe daktari kwanza. Na kubwa kuliko yote, mtoto asidanganywe. "Ukimwambia sindano haiumi na ikauma," alisema, "kesho ukimwambia unampenda atakuangalia tu." Nilimwambia Zulma kweli kila mara.

Nywele za Zulma zilikuwa hazijawahi kukatwa. Kwetu nywele za kwanza za mtoto hukatwa na mama mlezi, kwa sherehe, na sisi tulikuwa tunamngoja dada yake Severo aliyeko Uhispania. Casimira akasema dawa zitazing'oa, hazimngoji wifi. Tukafanya palepale kwenye nyumba ya wazazi, ile ya hospitali tunamolala na watoto wetu, kwa soda na biskuti. Casimira alikata vishungi kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso, na Zulma akacheka kama bibi harusi. Tangu siku hiyo mimi na Casimira tukaitana komadre, Severo akawa kompadre wake, na komadre kwetu ni zaidi ya dada wa tumbo moja.

Shida ilikuwa Severo. Mwezi wa pili wa dawa Zulma alitapika mpaka akabaki macho tu. Severo akaja kutoka shambani, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wanamuua," akasema. "Funga mizigo. Kuna mganga kule juu, amewatibu wengi."

Nilijua akimtoa hatarudi tena, na Zulma atakufa. Nililia, nikamshika koti, hakunisikia. Casimira ndiye aliyemkatia njia.

"Kompadre, kaa chini. Wilber wangu alitapika hivihivi, damu hiihii. Unajua yuko wapi leo? Santa Cruz, anatengeneza malori. Ana kitambi! Nimemwambia apunguze kula, hasikii."

Severo akacheka, bila kutaka, lakini akacheka. Akaacha mizigo. Toka hapo kila akija, salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Na Wilber je?" Na Wilber hakukosa habari. Mara kagombana na bosi wake, mara kapata mchumba, mara shati alilotumiwa na mama yake limekataa kufungika. Nami nikatania kwamba mchumba akimwacha nitamwozesha Zulma. Casimira alicheka mpaka akafuta machozi. Lo! Machozi yale sikuyaangalia vizuri.

Novemba ikaingia. Tarehe moja, saa sita mchana, wafu wetu huja kula. Mwenye mfu huandaa meza na kuacha mlango wazi. Apitaye huingia, akasali, akapewa mkate. Severo alikuwa ametuma viazi vipya, nikamwacha Zulma na mama mwenzangu, nikambebea komadre wangu fungu lake. Sikuwahi kufika kwake. Niliulizia mpaka nikaona mlango ulio wazi.

Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, miwa, gilasi ya maji ya pichi, na mikate ya umbo la watoto kama kawaida ya siku hiyo. Katikati palikuwa na mkate wa umbo la lori, magurudumu manne, taa mbili za zabibu kavu. Na picha. Mtoto wa kiume, hana hata unywele, barakoa imeshushwa kidevuni ili acheke.

"Komadre," nikauliza, "hii meza ya nani?"

Casimira alikuwa ameshika sahani. Hakuiweka chini.

"Ya Wilber."

"Wilber gani?"

"Ninaye mmoja tu, komadre."

Viazi vilianguka, vikabingirika mpaka chini ya meza. Nikasema, "Lini?"

"Miaka kumi na moja sasa. Alikuwa na minane. Alinenepa, nywele zikaota, nikasema amepona huyu, nikamtoa hospitali mwenyewe. Kwenye lile benchi hapakuwa na mtu wa kunishika sketi."

"Na kitambi?" nikapiga kelele. "Na mchumba? Na shati?"

"Lazima akue, Satuka. Ningemwacha ana miaka minane?"

"Ulinifundisha nisimdanganye mtoto wa miaka mitatu! Mimi ukanigeuza mjinga miezi kumi!"

"Ningemwambia Severo kwamba wangu alikufa, angekaa?"

Nilikuwa nalia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, kwa sababu Wilber yule nilikuwa namshika kila usiku ili nilale. Akaniomba nisali. Nikakataa. Akanipa lori la mkate, nikausukuma mkono wake, na kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo mbele ya meza ya mfu. Nikageuka. Nilihisi akinishika kitambaa ninachombebea Zulma mgongoni, nikajinyofoa nikaenda.

Nilipofika nyumba ya wazazi, Severo alikuwa amefika kutoka shambani, amekaa kitandani. Mfuko wa nguo ulikuwa umefungwa. Zulma alikuwa mapajani mwake, mashavu yamejaa, na kichwani nywele laini zimeanza kuota.

"Mwangalie," akasema kwa furaha. "Amenona! Nywele hizo! Amepona huyu, mama Zulma. Basi linaondoka saa kumi. Za nini tena sumu zile?"

Nilikuwa nimetoka tu kuyasikia maneno hayohayo.

"Bado mwaka na nusu," nikasema.

"Nani kasema? Daktari? Daktari anamjua mtoto wangu?"

Nilifungua kitambaa changu nijifute uso, na kitu kikaanguka kitandani. Lori la mkate. Alikuwa amelichomeka pale nilipompa mgongo. Zulma akalidaka kwa mikono miwili.

"Baba, gari!"

Severo akaugeuza mkate ule, akaniangalia. "Leo ni siku ya wafu. Umetoka kwenye meza ya nani?"

Nilimtazama Zulma. Alikuwa ananitazama na yeye, anangoja jibu, mtoto ambaye sijawahi kumdanganya.

"Si wa meza ya mtu," nikasema. "Wilber ameutuma kutoka Santa Cruz. Anakusalimu. Anasema naye nywele ziliota hivihivi, mama yake akataka kumtoa, daktari akakataa. Akamaliza dawa zote."

"Na kitambi?"

"Kimezidi."

Severo akacheka. Kisha akaanza kufungua mfuko, akatoa blauzi zangu moja moja. Zulma akang'ata gurudumu la mbele, akaniuliza mdomo umejaa:

"Mama, Wilber atakuja lini?"