Miguu ya Mzee Peku

Kando ya ziwa lile la kaskazini, ardhi haijatulia hata leo. Milima inayolizunguka iliwaka na kuzimika zamani, ikaacha mawe meusi yaliyotobokatoboka, lakini chini kwa chini moto bado unaendelea na shughuli zake. Maji ya ziwa ni baridi ya kukata pumzi. Ukitembea kidogo tu kuelekea mlimani unakutana na matundu yanayofuka mvuke, madimbwi ya tope linalotokota kama uji mzito, na harufu ya mayai viza inayong'ang'ania nguo. Mgeni huziba pua siku ya kwanza. Wenyewe husema ukiacha kuisikia harufu hiyo, basi umeshakuwa mwenyeji.

Katikati ya uwanja huo wa mvuke pana njia, na njia hiyo ilikuwa na mwenyewe. Watu walimwita Mzee Peku, kwa kuwa tangu ujana wake hakuwahi kuikanyaga kwa viatu. Kazi yake ilikuwa kuipitia kila asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote, apajue mahali ambapo ardhi imedhoofika. Maana moto wa chini huhama. Jana mahali pagumu, leo ni ganda tu, na chini ya ganda maji yanachemka. Mzee Peku alitanguliza kisigino, kisha akaushusha wayo taratibu mpaka vidoleni. Pakiwa na vuguvugu, alipita. Pakiwa na joto la kumkunjisha vidole, aling'oa vigingi na kamba, akaipindisha njia ipite mbali. Baada yake walipita madobi waliokwenda kufulia kwenye chemchemi ya maji moto upande wa pili, na mkewe alikuwa mmoja wao. Wageni walifuata baadaye, na kamera zao.

Msimamizi wa uwanja, dada mmoja mpole, alishamwekea stoo buti za ngozi na mtalimbo mrefu wa kuchomea ardhi ili kuipima. Mzee alivikataa kwa adabu, akavikataa kwa mzaha, mwisho akavikataa kwa kununa. "Mwanangu," alimwambia, "utamsikilizaje mtu huku umejiziba masikio kwa pamba?" Dada wa watu akacheka, akafunga stoo. Na tuseme ukweli, mzee alikuwa na haki ya kuringa kidogo. Miaka yote ile hakuna aliyeungua katika njia yake, isipokuwa bwana mmoja aliyeruka kamba ili apigwe picha, na huyo alijitakia.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, wayo wa kulia wa Mzee Peku ulianza kunyamaza. Alikanyaga mahali alipopajua kuwa pana moto, asisikie kitu, kama anayekanyaga godoro. Akaupiga konde. Kimya. Akajiambia ni baridi ya ziwa, itapita. Akawa anapimia wa kushoto, na kwa hiyo akawa anatembea kwa kurukaruka. Mkewe alipomuuliza, akasema ni mazoezi.

"Mazoezi ya nini? Unaoa tena?"

Wakacheka wote wawili, mzee akicheka zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Kisha wayo wa kushoto nao ukaanza kumfuata mwenzake.

Usimcheke. Mtu mwingine angekwenda hospitali, lakini yeye aliogopa kiti. Pale getini palikuwa na kiti cha plastiki, na mfanyakazi akishachoka huwekwa hapo kuchana tiketi za wageni. Kwa Mzee Peku, kukaa juu ya kiti kile ilikuwa sawa na kuambiwa ahsante na kwaheri. Kwa hiyo akatulia kama maji ya mtungini, akaanza kupita kwa kumbukumbu: hapa huwa pagumu, pale huwa pabaya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Yeye hakusubiri kilio. Alifichuliwa na ndala.

Asubuhi moja alipita kama kawaida, akaziacha kamba zilipokuwa jana yake, akakaa juu ya jiwe. Mkewe akaja na furushi la mashuka ya hoteli kichwani, akiimba chinichini. Alipofika katikati ya njia akasimama. Ndala ya mguu mmoja ilikataa kunyanyuka. Akaivuta, ikavutika kama unga uliokandwa.

"Baba watoto," akaita, "hapa pana moto."

"Hapana. Nimepita hapo sasa hivi."

"Umepita?"

"Kwa miguu yangu hii."

Mama akaiacha ndala palepale, akarudi nyuma taratibu, furushi halikutikisika. Akalitua. Akamjia mumewe, akapiga magoti, akaushika mguu wake wa kulia na kuugeuza wayo juu. Lengelenge lilikuwa limetanda kutoka kisiginoni hadi kwenye dole gumba, limepasuka, mchanga umeingia ndani. Mzee alilitazama kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Husikii?"

Mama akamfinya wayo wa kushoto kwa kucha. "Na huu?"

"Huo kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika."

Alijiandaa kwa kelele. Mkewe alisifika kwa kelele. Madobi wenzake walisema akikemea, madoa hutoka yenyewe. Lakini siku hiyo alikaa kitako chini akalia, akijifuta machozi kwa pembe ya shuka la hoteli.

"Nilidhani umepata mwanamke," alisema hatimaye. "Kule kurukaruka, kule kununanuna. Nimewapekua madobi wote, nikakosa hata mmoja anayeweza kukutaka."

"Usiwaambie watu, mama. Wataniweka kwenye kiti."

Mama akaikunja pembe ya shuka lile. Alikuwa anampenda, na alijua njia ile ni nini kwake. "Kesho nitatangulia mimi," akasema. "Nitakanyaga, nikwambie ninachosikia. Wewe utasema kamba ziende wapi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata."

Siku hiyo wakaisogeza kamba pamoja, wakalifunga lengelenge kwa kitambaa safi, na kesho yake wakatoka mapema. Mama alitangulia peku, gauni amelikunja hadi magotini. "Vuguvugu," akasema. "Vuguvugu tena. Joto, joto kidogo." Mzee alimfuata na vigingi mabegani, moyo umemjaa furaha. "Kisigino kwanza. Usiwe na pupa, bibie." Mkewe alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mzee alivyotarajia, na mzee alikuwa anataka kumwambia hivyo.

Ndipo ardhi ikapiga mluzi. Mama akaruka nyuma, mzee akatupa vigingi na kumdaka kiunoni. Pale mguu wake ulipokuwa palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, linatema tope.

Mama akacheka, maana ndivyo alivyo. Akaunyanyua mguu amwoneshe: wayo umekuwa mwekundu, basi. "Hapo panauma," akasema. "Umeona? Kazi nimeshaijua."

Mzee aliutazama wayo ule. Ulikuwa laini, umenyauka kwa maji ya kufulia, ngozi yake nyembamba kama karatasi.

"Vaa viatu."

"Hatujamaliza."

"Vaa viatu, nakuomba." Mzee akapiga magoti, akaupangusa tope. "Hivi ndivyo ulivyokuwa ukijisikia? Mimi nikitoka asubuhi?"

"Kila asubuhi," mkewe akajibu. "Lakini ulikuwa unaipenda mno. Ningesema nini?"

Mzee Peku hakuokota vigingi. Alikwenda moja kwa moja ofisini, mkewe nyuma yake akimsihi wajaribu tena kesho. Msimamizi alikuwa ndiyo kwanza anafungua madirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usifungue geti, mwanangu. Njia haijapimwa. Miguu yangu imekufa, na nimekuficha tangu mvua zilipokatika."

Dada akayaacha madirisha. Aliitazama miguu ya mzee, akamtazama mama, akavuta pumzi. "Sasa nani atatupimia, mzee?"

"Atakayeushika mtalimbo, nitamfundisha. Nitamfundisha yote ninayoyajua. Lakini mtu asiikanyage tena peku njia ile. Mtu yeyote." Alikuwa akisema na msimamizi, lakini macho yake yalikuwa kwa mkewe.