Kitambaa Chekundu na Mashine ya Parokia

Sifa zimwendee Mungu, mlinzi wa watokao na waingiao, aliyenitoa Kolwezi nikiwa mtoto na kunirudisha nikiwa mama wa watoto. Natanguliza shukrani zake ili kumbukumbu hii isiniamshie uchungu niliokwisha kumkabidhi zamani.

Enzi zetu, ninyi mliokulia Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya shaba, ni mashahidi, king'ora cha kampuni ndicho kilichotuamsha, tukaenda shule na miguu iliyooshwa, na kurudi nayo myekundu kwa vumbi hadi magotini. Tuliruka kamba kati ya safu za nyumba zilizofanana kama mapacha, harufu ya sombe, kisamvu chetu, ikitoka mlango mmoja na ya ndakala, dagaa wakavu, mlango wa pili. Mtoto aliyeshikwa na njaa alikula bukari, ndio ugali wetu, pale njaa ilipomkutia, na hakuna mama aliyeuliza huyu ni wa nani.

Mstari wetu wa nyumba ulitumia waya mmoja mchovu. Majiko mawili ya umeme yakiwashwa pamoja, fyuzi ya nguzoni iliruka, na kumpata fundi wa kampuni ilikuwa kazi ya maombi. Kwa hiyo mama zetu walijiwekea sheria yao: anayepika anatundika kitambaa mlangoni. Ukikiona kwa jirani, unangoja. Sisi watoto ndio tuliokuwa macho yao. Umeshika kamba, zamu yako imefika, unasikia, "Ngalula, angalia kitambaa!" Unakimbia. Vijana wa leo, chaji ya simu ikipungua wanahema kama wenye malaria. Sisi tulingojea maharage ya watu wengine yaive kwanza.

Kisha mambo yakaanza kuoza. Unga wa kampuni ulikoma, mishahara ikachelewa, hospitali ikabaki na vitanda tu. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakatupata sisi ambao babu zetu waliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba. Nilizaliwa Kapata, sikuwahi kuiona Kasai, lakini nikaambiwa nirudi kwetu. Barabarani walituita wadudu. Familia zilijaa stesheni na magodoro, zikingojea gari moshi ambalo halikuwa na siku. Na vitambaa? Watu wengine walianza kupita mbele ya kitambaa chetu kana kwamba ni tambara la kufutia viatu. Mara mbili tatu fyuzi iliruka sufuria yetu ikiwa jikoni, na hakuna aliyekuja kuomba radhi.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa mashine za ofisi. Parokia ilikuwa na kompyuta moja, na jioni alikuwa akiwafundishia vijana wa mtaa mzima. Padri alipotoka likizo alileta masomo mapya yaliyohitaji prosesa mpya, yaani kile kipande kinachofikiri ndani ya mashine. Alileta prosesa yenyewe pia, na disketi. Tata alikuwa ameahidi kuiweka. Jenereta ya misheni ilikuwa imebebwa na waporaji, basi akaileta mashine nyumbani, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, katikati ya mabunda ya safari, maana nasi tulikuwa tunaondoka.

Nilimuuliza kwa nini asikitoe cha zamani na kuchomeka kipya tu. Akanionyesha lile bao kubwa la kijani ambalo vipande vyote hukaa juu yake.

"Hii banaita karti-meri. Iko sawa mama mwenye nyumba. Mugeni akiya na haimujue jina, haimufungulie. Mu hii disketi njo muko jina ya mugeni. Tunaiandika kwanza ndani ya kichwa yake."

"Na kuran ikikatika wakati inaandika?" nikauliza, nikiuwaza umeme wetu.

"Inakufa," akasema. "Haitakumbuka ata jina yake yenyewe."

Mama, aliyekuwa akifunga sahani ndani ya blanketi, aliacha kufunga. Alijua, nami nilijua, kwamba kufa kwa mashine ile kusingeishia kwenye mashine. Wangesema Mukasai ameiua makusudi kabla ya kuondoka. Huko stesheni watu walikuwa wamepigwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mama alimsihi aiache. Tata alisema akiondoka hakuna mwingine atakayeijua kazi hiyo, na ahadi aliyoitoa mbele ya altare hawezi kuifunga ndani ya blanketi.

Ilikuwa mchana, umeme umerudi, saa ambayo kila mama hukimbilia maharage. Mama alivua kitenge chake chekundu cha kiunoni, akakitundika mlangoni mwenyewe. Alikirekebisha, akakirekebisha tena. Mimi nilikaa kizingitini kuangalia milango.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Feza, mtu wa kaskazini ya Katanga, jimbo letu, aliyehesabiwa mwenyeji, mama wa rafiki yangu. Tangu matatizo yaanze, Feza na mimi tulikuwa tukisalimiana kwa macho tu. Kaka yake Deo alikuwa ameingia kwa vijana wa siasa waliokuwa wakitufukuza. Alipita, akaona kitambaa, akachungulia, akaingia mpaka mezani.

"Tata Ngalula, watu wako beko ku gare, weye ungali unatengeneza? Ju ya nani?" akauliza, akionyesha upande wa stesheni.

"Ju ya wenye kubakia," Tata akasema. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mashine, ambako mstari mdogo mweupe ulianza kujaa polepole. Alikuwa amekwisha kuanza kuandika. Hakuna kurudi nyuma.

"Ikikufa, tutajua njo weye uliyiua."

"Njo maana nakuomba upite polepole, mwanangu. Unatikisa meza."

Deo alitoka akicheka. Mlangoni kwao Mama Feza alikuwa amesimama na sufuria ya maharage kiunoni. Alitazama kitenge cha mama yangu. Nilitazama mkono wake. Jiko lake la umeme lilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, na mstari mweupe mezani kwetu haukuwa hata nusu. Niliomba kwa maneno yasiyo na mpangilio, mpaka yakabaki, "Mungu, maharage. Mungu, maharage."

"Deo," akasema, "niletee mbabula."

"Mbabula ya nini, Mama? Kuran iko."

"Kitambaa ya Mama Ngalula iko ku mulango. Hauone?"

"Ile ni kitambaa ya bantu banaenda."

"Leo bangali hapa."

Deo alileta hiyo mbabula, jiko la makaa. Alilibwaga chini kwa hasira, lakini alilileta. Mama Feza akawasha moto nje, mbele ya watu wote, wakati umeme upo, na makaa yenyewe yalikuwa ya shida. Mama wa nyumba iliyofuata alimtazama, akaingia ndani, akatoka na mbabula yake. Kisha nyumba nyingine. Si zote. Mlango mmoja ulifungwa kwa kishindo, jiko la umeme likawashwa ndani, na taa yetu ikafifia mpaka Tata akashika meza kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo itakayoanguka. Halafu ikarudi. Moshi ulipanda mlango kwa mlango, ukaniingia machoni, nami sikutaka kufumba.

Mstari ulijaa. Tata alizima mashine, akatoa prosesa ya zamani, akaweka mpya, akawasha. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda ambao Mama aliutumia kushika rozari. Kisha maandishi yakaja, na mgeni akatajwa kwa jina lake.

Tata hakushangilia. Alifunika mashine kwa shuka, Padri akaja kuichukua, na kesho yake tukaenda stesheni. Feza alitukimbilia na sufuria. Maharage yalikuwa na ladha ya moshi, nasi tuliyala tukiwa tumekaa juu ya mabunda, tukilijua kila jiko lililotoa moshi ule.

Leo nimerudi. Mama Feza amelala katika Bwana. Juzi mwanangu alikuwa akifanya kazi ileile kwenye kompyuta yake, kuiandikia karti-meri jina la prosesa mpya, huku akila karanga na kuongea na simu. Nilishindwa kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama.

"Mama, tulia," akasema. "Iko na betri. Ata kuran ikatike mwaka muzima."

Kweli iko na betri. Na kila nyumba ya mtaa wetu ina sola yake, ama jenereta yake, na ukuta wake mrefu wenye geti la chuma. Nilitoka nje kutazama milango ya majirani, nikakuta hakuna hata mmoja unaoonekana. Basi nikavua kitenge, nikakitundika mlangoni.

"Unaanika?" mwanangu akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Nawe unayesoma, popote ulipopelekwa au ulipobaki, Mungu akupe jirani atakayekiona kitambaa chako, na akujalie macho ya kukiona cha mwenzako. Amina.