Shingo Niliyoisugua Nikidhani Ni Uchafu

Admin, ukiposti hii toa jina langu kabisa, maana shemeji zangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi Mlolongo. Mume wangu ni dereva wa lori, huja nyumbani siku mbili tatu kwa wiki. Tuko na msichana mmoja wa miaka tisa.

Mimi hufanya kazi kiwandani. Mtoto hutoka shule saa tisa, mimi hufika saa moja jioni. Mume anajua jirani ndiye humtunza saa hizo. Ni uongo, jirani alihama zamani. Tangu darasa la kwanza nimekuwa nikimwachia ufunguo, chipsi, krisps na soda. Nilimwambia, "Usitoke nje, usiguse moto. Kaa hapo uangalie katuni, pakiti ikiisha kuna ingine." Alitii. Sijaona mtoto mtiifu kama huyo.

Ikafika mahali hata Jumapili nikipika ndengu hamezi mpaka TV iwashwe. Stima ikipotea, sahani inarudi vile ilienda. Na katuni zikiwaka, hajui ameshiba. Akanenepa, nami mjinga nikafurahi, maana kanisani waliniambia, "Huyu unamlisha vizuri."

Mwaka huu shingo yake ikaanza kuwa nyeusi. Kila Jumamosi nilimkalisha kwenye beseni nikamsugua kwa jiwe la visigino. Akilia, "Mama, inauma," namjibu, "Nyamaza! Unataka watu waseme huna mama?" Siku moja nilimtoa damu, na weusi ukabaki palepale.

Kisha akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa Konza, na kukojoa kitandani. Tukampeleka hospitali, mimi na baba yake. Daktari aliiangalia shingo kabla hata ya kupima chochote.

"Mama, hii si uchafu. Mwili umeanza kushindwa na sukari."

Alipopima, sukari ilikuwa juu sana. Akauliza mtoto anakula nini na anakaa mbele ya TV saa ngapi. Mume alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ni susu, nyanya yake wa Masii. Likizo anampa chai ya sukari nyingi na mandazi."

Mume alitoka nje akampigia mama yake. "Mwaitu, umetuharibia mtoto. Hatakanyaga huko tena."

Mama mkwe hana hata TV. Mtoto akienda kwake anakula mahindi ya muthokoi na mboga, anashinda akifukuzana na mbuzi, anarudi amepungua. Mimi ndiye nilikuwa nikilalamika eti hamlishi. Lakini hakujitetea, aliomba msamaha tu. Wifi ameniambia siku hizi mama hatii sukari kwenye chai yake, eti anatubu. Nilienda chooni nikalia.

Jana nikimdunga mtoto sindano yake ya sukari aliniuliza, "Mama, kwani susu alikosa nini? Si ni wewe uliniambia nikae hapo?"

Nikamwambia asiseme hivyo mbele ya baba. Akasema, "Sawa, mama." Nimewaambia ni mtiifu.

Nikisema ukweli, naona ndoa imeisha. Nikinyamaza, mama wa watu atakufa akidhani ndiye alimharibu mjukuu, na mtoto wangu hatarudi mahali pekee anapokula bila TV. Mume anafika Ijumaa. Ndugu zangu, msinitukane kwanza. Niambieni nitafunguaje huu mdomo.