Kisima cha Uani

Mimi nilikuwa mbishi. Nalisema mapema, asije mtu akanionea huruma bure.

Miaka michache baada ya vita, Mwingereza akiwa bado anatutawala, tulikaa kijijini kati ya Kerege na Bagamoyo, mimi, mke wangu na binti yetu mmoja. Binti alikuwa amevunja ungo, tukamweka ndani kama ilivyo ada yetu. Mwali hatoki wala haonwi na wapita njia mpaka siku ya kuchezwa ngoma yake. Basi nikachimba choo cha shimo humo humo uani, asiwe na sababu ya kuvuka ua. Kisima nacho kilikuwa uani, hatua chache tu kutoka hapo. Nilijiona fundi kwelikweli.

Bwana afya alipopita na kaptula yake, akaniamkia vizuri, akatazama choo, akatazama kisima. "Mzee, kimoja kati ya hivi kihame," akasema. Nikamcheka. Mtoto wa juzi, anifundishe mimi maji! Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, nikijua kwamba maji yakiwa mengi hayanajisiki mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Mwalimu wangu alinifundisha hayo kwa ajili ya udhu. Kuyapeleka kwenye kunywa ulikuwa ujuaji wangu mwenyewe.

Masika ya mwaka ule yalikuwa balaa. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo, shimo likajaa, likafurika, uchafu ukatambaa uani hadi kisimani. Mke wangu akaja juu: "Bwana, haya maji si ya kunywa tena! Twende tukateke ng'ambo ya barabara, kwenye kisima cha wenzetu." Nikamwambia asubiri. Mvua ilipokatika, maji yakatulia, yakawa maangavu. Nikateka kata moja, nikanusa, nikaonja mbele yake.

"Haya, kiko wapi?" nikamwuliza. "Ng'ambo ni mbali. Na watu watasema kisima changu kimenishinda."

Akajaza mtungi kwa kunistahi, nami nikadhani ameridhika.

Sisi wawili tulishinda shambani, kiu tukiikata kwa madafu. Aliyekuwa hana pa kwenda ni mwali wetu. Jumatatu akashikwa na tumbo la kuhara na kutapika, na kila alipolia kiu nilimpa maji yale yale, tena kwa huruma, nikimshikia kichwa. Alhamisi akafa. Mwanangu wa pekee, Mungu anisamehe, nilimnywesha kwa mkono wangu.

Waosha walipoagiza maji, nilishika ndoo nikaelekea kisimani, mazoea tu. Mke wangu akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele.

"Hayo hayamgusi tena mwanangu," akasema.

Nikachukua ndoo mbili nikatoka mwenyewe kwenda ng'ambo ya barabara. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuteka maji kule. Kuteka ilikuwa kazi ya wanawake, na ule umbali niliokuwa nikiutaja sikuwahi kuutembea. Nilifika kabla sijatoa jasho.