Ulimi wa Bi Mannubia na Mto wa Hospitali

Ukitaka kumtukana Bi Mannubia, mwambie ng'onda wake wana chumvi nyingi. Miaka arobaini ameishi kwenye mtaa wake wa Sfax, Tunisia, na kila mwaka kabla ya Ramadhani majirani humletea chewa na mikizi awatie chumvi, waliwe asubuhi ya Idi kwa sharmula, ule mchuzi wa zabibu kavu na vitunguu uliopikwa mpaka ukawa mweusi. Hana mizani. Anaweka punje ulimini, anafumba jicho moja, anakwambia chumvi hii ni ya dimbwi gani na ilivunwa kabla ya mvua au baada. Marehemu mumewe alikuwa mvuna chumvi, na yeye mwenyewe kabla hajazaa aliibeba kwa kikapu. Nyumba saba ziliweka samaki wao katika mtungi wake chini ya ngazi, na hawakuwahi kumwozea mtu.

Mtu kama huyo ndiye moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba, akawa analala ameketi, ngazi tatu tu anatweta. Madaktari wakapitisha kidude kwenye mshipa wa paja, kidogo kuliko kokwa ya tende, kikasukumwa hadi kwenye mshipa unaoingia mapafuni, kikaachwa humo. Hakina betri wala waya. Kila asubuhi analala chali juu ya mto mgumu aliopewa hospitali, anabonyeza kitufe, mto unakisoma kidude, na kipimo cha shinikizo la mshipa huo kinakwenda chenyewe kwa muuguzi. Kikipanda, wanajua maji yanajaa kifuani siku nyingi kabla yeye hajaanza kutweta. Kitu kizuri, nani akikatae? Mwaka mzima hakulazwa hata siku moja.

Kinyaa kilianza pale Nizar, mwanawe wa pekee, anayefanya kazi ya kompyuta huko Tunis, alipoomba kipimo kile kije na kwenye simu yake. Kikaja. Na yeye, badala ya kukaa nacho, akawa anakitundika kila asubuhi kwenye kundi la simu la ukoo mzima. Mama leo kumi na nane. Mama leo kumi na tisa, jamani tumwombee. Shangazi aliye Lyon, Ufaransa, hajapiga simu miaka mitatu, sasa anajua kifua cha wifi yake kina nini kabla mwenyewe hajanawa uso. Binamu mmoja, mtu wa kukopa sigara, alimsimamisha sokoni mbele ya wauza samaki: "Bi mkubwa, jana umepanda. Ulikula nini?" Bi Mannubia aliondoka bila kununua kitu. Alijihisi kama amevuliwa nguo hadharani na kila mtu anamgeuza kuangalia na upande wa pili.

Chumvi alikuwa ameiacha siku daktari alipomkataza. Aliiacha kama watu wanavyoacha sigara, kwa hasira, siku moja, basi. Alikula mkate wa shayiri usio na ladha na mchuzi kama maji ya kuoshea vyombo, akameza hivyohivyo. Ng'onda wa watu aliwatia chumvi kwa glavu, na kuonja akamwachia shoga yake wa nyumba ya pili, Bi Haluma.

Wiki moja kabla ya Idi Nizar akaja likizo na boksi la vidonge vya maumivu, maana magoti ya mama yalikuwa yanamsumbua. "Vya kuyeyusha kwenye maji, mama. Vina ladha ya ndimu." Bi Mannubia akavipenda. Yeye hakuruhusiwa kufunga, kwa hiyo alikunywa viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na magoti yakatulia.

Shinikizo likaanza kupanda. Ishirini, kisha ishirini na tatu.

Nizar akawa askari. Jioni, akishafuturu, alinusa sahani ya mama yake. Alifungua kabati, akachungulia nyuma ya mitungi ya mafuta, akalamba kidole alichopitisha kwenye sufuria yake. Mtu mzima, ana mvi, analamba sufuria ya mama yake kutafuta ushahidi.

"Mama, unaonja ng'onda."

"Sijaonja."

"Basi Bi Haluma anakupa."

"Mwanangu, nimekuambia sijaonja. Wallahi chumvi haijagusa ulimi huu tangu nilipokatazwa."

Nizar akatikisa simu. "Mashine haidanganyi, mama. Ikipita ishirini na tano tunafunga nyumba hii, unahamia kwangu Tunis. Ghorofa ya tano, lifti ipo, mke wangu atakupikia. Nimeshawaambia wote kwenye kundi, wamekubali."

Wamekubali. Nyumba aliyoolewa, mtungi wake, mlango ambao watu hawabishi hodi, vyote vimeamuliwa kwenye simu na shangazi wa Lyon. Na lililomuuma zaidi ni kwamba kiapo chake kimewekwa kwenye mizani na kidude, na mwanawe akachagua kidude.

Asubuhi ya siku moja kabla ya Idi alilala juu ya mto, akabonyeza, kisha akaenda kwa Bi Haluma kuchambua zabibu. Aliporudi adhuhuri, alisikia harufu ya dawa ya kufulia tangu mlangoni. Mtungi ulikuwa umelazwa ubavu, mtupu, umesuguliwa. Nje, penye pipa la taka la mtaa, paka kumi na kitu walikuwa wanavutana juu ya chewa wa watu, na nzi wamefunika waliobaki.

"Ishirini na saba," Nizar alisema, mikono imelowa. "Nimefanya kwa ajili yako."

"Samaki wale walikuwa wa nani?"

"Mama, afya yako..."

"Nimekuuliza ni wa nani. Ni amana za nyumba saba, Nizar. Umekwenda kuzimwaga kwa paka."

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Siham, muuguzi wa moyo, na Nizar akaiweka kwenye spika wote wasikie, kwa haraka ya mtu anayesubiri kupewa haki.

"Bi Mannubia, kimepanda sana wiki hii. Umekula chumvi?"

"Sijala, binti yangu."

"Anakula," Nizar akadakia.

"Namuuliza mama," Siham alisema. "Kuna kitu kipya umeanza wiki hii? Chai, dawa, chochote?"

"Vidonge vya magoti tu. Vile vinavyotoa povu. Sita kwa siku."

Siham akaeleza: "Mama, povu lile ni la magadi, na magadi mwilini ni sawasawa na chumvi. Vidonge sita ni kama kijiko kizima cha chai cha chumvi. Nani alikupa?"

Bi Mannubia hakumtazama mwanawe. "Nililetewa."

"Acha leo hii. Nakuongezea dawa ya mkojo, wiki ijayo utashuka. Huna kosa, mama. Idi njema."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza kazi. Ulimi uliojua kila dimbwi ulidanganywa na ladha ya ndimu, na ndimu yenyewe ililetwa na mtoto aliyekuwa analamba sufuria.

"Tunis hatuendi tena," Nizar alisema, anatazama sakafu.

"Nani alikuwa anakwenda? Chukua sahani tupu. Pita nyumba zote saba, mlango kwa mlango, na kwenye kila mlango useme kwa mdomo wako: samaki wenu nimewatupa mimi, na chumvi niliyomsingizia mama niliileta mimi. Halafu uandike hivyohivyo kwenye kundi lako, kisha ufute vipimo vyangu humo."

Alikwenda. Mtaa ule haujazoea kumwona mhandisi amebeba sahani tupu, na mkesha wa Idi kila mtu yuko nyumbani. Nyumba ya kwanza walimsikiliza kimya, ya tatu walimcheka, na ya tano kizee mmoja alimrudisha aseme upya kwa sauti maana hakusikia vizuri. Bi Haluma peke yake alimwekea sharmula kwenye sahani, akamwambia, "Mpelekee mamako. Mimi nilimwamini bila mashine."

Akarudi jua linazama, uso umemshuka. Akaweka sahani mezani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, moyo unaniuma."

Bi Mannubia akautandika mto wa hospitali, akaupigapiga katikati. "Lala hapa tuupime."

"Mama, hautafanya kazi kwangu."

"Lala."

Nizar akalala chali na viatu vyake. Bi Mannubia akabonyeza kitufe, wakasubiri. Mto ukanguruma kidogo, ukatafuta, ukatafuta, kisha sauti ya mwanamke ikasema kwa upole: hakuna kilichopatikana ndani, tafadhali jaribu tena.

"Hakuna haja ya kujaribu tena," Bi Mannubia alisema, akijipakulia sharmula. "Mashine haidanganyi."