Mabegi Chini ya Ngazi ya Mama

Chuo kilipofungua kitengo cha utafiti wa usalama wa taifa, wengi wetu tulicheka. Sisi kazi yetu ilikuwa kuuliza watu wanakula nini na wanaolewa lini. Mara tukaletewa meza mpya na kiyoyozi kinachofanya kazi, na mkuu wa kitengo akatuambia utafiti sasa ni wa kutumika, si wa kukaa kabatini. Mimi nilipangiwa Kariakoo kwa sababu moja tu: mama yangu alikuwa na duka la vitenge huko, na nimekulia nyuma ya kaunta yake. Sikukataa. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na nilishachoka kuomba uongezwe.

Tulitakiwa kuchunguza mizigo. Wanawake wanaotoka Lubumbashi na Lusaka kununua bidhaa hawawezi kuzunguka na mabegi siku nzima kwenye lile joto. Wanayaacha dukani kwa mtu wanayemwamini, wanaandika jina kwa maka peni, wanaingia sokoni, wanarudi kesho au keshokutwa. Hakuna risiti. Walimwachia mama kwa sababu alikuwa hafungui, na kwa kuwa wamemwachia, vitenge walinunua kwake. Biashara yake yote ilisimama hapo.

Nilimhoji Jumanne moja, amekaa kwenye kigoda anakunja vitenge. Nikampa fomu ya ridhaa asaini. Akaniangalia weee. "Mimi na wewe tuandikiane? Uliza bwana, nina kazi." Nikauliza. Akanieleza kila kitu, nani anaacha nini, kwa siku ngapi, na kwamba miaka yote hiyo hajawahi kugusa zipu ya mtu. Alieleza kwa raha, kama anayemrithisha mwanawe duka. Ile fomu niliisaini mwenyewe nikiwa nasubiri basi la mwendokasi kituo cha Gerezani.

Kwenye ripoti jina lake sikuliweka. Miiko ya utafiti hiyo, naijua. Niliandika: mfanyabiashara mwanamke, mzaliwa wa Kilimanjaro, duka la vitenge la kona, mizigo inakaa chini ya ngazi. Chuoni wakanisifu kwa undani. Pale mtaani hata muuza kahawa angekuelekeza kwa maneno hayo hayo. Kariakoo nani anatafutwa kwa jina? Mimi niliyekulia pale ndiye niliyesahau hilo, na mpaka leo sina cha kujitetea.

Walikuja wanaume wawili, wana adabu zao, shikamoo na kila kitu. Mmoja alishika kurasa mbili za ripoti yangu, akamsomea mama maneno ambayo mama alinieleza mimi peke yangu. Kisha wakafungua mabegi yote mbele ya majirani: chupi, dawa za presha, nguo za mtoto mchanga. Hawakukuta kitu. Wakashukuru, wakaondoka. Mama ndiye aliyenisimulia, bila kupandisha sauti. Wenye mabegi waliporudi walichukua vyao bila ugomvi, na safari iliyofuata wakapita ng'ambo ya barabara.

Jirani wa duka la pili alisema mbele yangu, huku akipanga ndoo zake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuniangalia. Nilitegemea nitalia, au nitamjibu, maana mimi nina hasira za karibu. Sikusikia chochote moyoni. Nilirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, nikafika ofisini, nikaandika taarifa ya wiki.

Kitengo kimepanuka. Tumepewa ghorofa nzima, na mimi nimepata ajira ya kudumu. Mama alipoambiwa na dada yangu alisema Mungu ni mwema. Duka amelifunga, siku hizi yuko nyumbani.

Jumapili iliyopita nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Hajawahi kunifukuza, na chakula changu huniwekea. Nikamuuliza, "Mama, siku hizi mchana unashinda na nani?"

Akaweka kisu chini. "Unauliza wewe, au kinauliza chuo?"

Hakusema kwa ukali. Alitaka tu kujua, ili ajue kipi cha kunijibu.